Saraka za linki za tovuti: bado zina faida, au ni kutupa hela?

pampu_kizota aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Duka ni la pampu za sola na matangi ya maji, lipo Kizota hapa Dodoma mjini, na wateja wengi wanatoka Bahi, Chamwino na Kongwa. Tovuti ipo hewani kwa .co.tz, kurasa nane tu. Kuna mtoa huduma anauza kifurushi cha kuiandikisha kwenye saraka 500 za linki (tovuti zinazoorodhesha linki za tovuti nyingine) kwa TSh 150,000, na anaahidi Google itaipandisha ukurasa wa kwanza. Je, saraka hizi bado zinasaidia? Na kama zipo nzuri na mbovu, mtu anazitofautishaje kabla ya kulipa?

fundi_kurasa alijibu:

Mkuu, hiyo hela usiitoe.

Saraka zilikuwa na nguvu enzi ambazo watu walipita mtandaoni kwa kufuata orodha. Yahoo ilianza 1994 kama orodha ya tovuti zilizopangwa kwa mafungu, na baadaye ikawatoza wafanyabiashara dola 299 kwa mwaka ili tovuti zao zipitiwe. Saraka nyingine, DMOZ, ilianza 1998, ikihaririwa na watu wa kujitolea, na Google ilichukua data zake kwa ajili ya saraka yake yenyewe. Linki ya pale ilikuwa na uzito machoni pa Google kwa sababu kuna binadamu aliyeifungua tovuti, akaisoma na kuamua iingie fungu gani. Wajanja wakaona uzito huo unaweza kughushiwa, zikazuka saraka chungu nzima zinazopokea chochote. Aprili 2012 Google ikaleta Penguin, sasisho la kukabili linki za kughushi, na tovuti zilizotegemea linki za namna hiyo zikaporomoka. Tangu Septemba 2016 Penguin imo ndani ya mfumo mkuu wa Google wa kupanga matokeo muda wote, na linki mbovu kwa kawaida hazihesabiwi kabisa. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Leo sera za Google dhidi ya spamu zinazitaja linki za saraka duni kwa jina lake.

Maana yake, katika hizo 500 matokeo mazuri kabisa unayoweza kupata ni sifuri. Maelezo yaleyale yakibandikwa kila mahali, na linki zote zikisomeka "pampu za sola Dodoma", huo ni muundo ambao mashine inautambua bila shida.

Kuipima saraka moja hakuchukui dakika kumi. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, andika kwenye Google maneno ambayo mteja wako angeandika, kwa mfano "bei ya pampu ya sola Dodoma". Saraka inayojitokeza kwenye ukurasa wa kwanza ina watu wanaoifungua, kwa hiyo fikiria kuingia humo. Isiyojitokeza, endelea kuichunguza: andika site: ikifuatiwa na anwani yake uone kama Google ina kurasa zake zozote. Ingia fungu linalokuhusu, bonyeza linki kumi. Zikiwa tatu au nne zimekufa, au zimegeuka kuwa tovuti za kubeti, hakuna mtu anayeitunza. Kisha bonyeza Ctrl+U usome msimbo wa ukurasa. Ukikuta rel="nofollow" au rel="sponsored", ujue linki kwa kawaida haibebi uzito wa kupandisha tovuti, ingawa bado inaweza kuleta mteja. Na ikiwa inakudai uiwekee linki ya kuirudishia kwenye tovuti yako, au tangazo lako linatokea papo hapo bila kupitiwa na mtu, achana nayo.

ramani_41 alijibu:

Naungana na fundi_kurasa, ila tusimwache mwenye swali mikono mitupu. Zipo orodha ambazo leo zina faida kuliko saraka yoyote ya linki, na kuingia ni bure: Google Business Profile (wasifu wa duka unaoonekana kwenye Google na ramani zake), Bing Places ya Microsoft, ramani za Apple na OpenStreetMap (ramani huria inayojazwa na watu wa kujitolea). Hii ya mwisho wengi wanaisahau, ilhali programu kadhaa za ramani zinazofanya kazi bila bando, kama Organic Maps, zinachota data humo. Mteja anayetoka Bahi na simu isiyo na bando atakuona kwa njia hiyo.

Kazi kubwa ni kuandika jina, anwani na simu kwa namna moja kila mahali. Hapo ndipo Dodoma watu wanapoharibu.

Jina liwe lilelile lililo kwenye kibao cha duka. Ukiongeza maneno kama "pampu bora bei nafuu Dodoma" kwenye jina la Google, unavunja kanuni zao na wasifu unaweza kusimamishwa.

Anwani: S.L.P. haimwongozi mtu dukani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, majengo yamepewa namba na barabara zimepewa majina, na taarifa zipo kwenye NaPA, mfumo wa kitaifa wa anwani za makazi. Andika namba ya jengo, jina la barabara, kata, kisha postikodi (za mkoa wa Dodoma zinaanza na 41). Kama kibao cha namba hakijabandikwa, muulize mtendaji wa mtaa, usibuni. Halafu sogeza pini (alama ya duka kwenye ramani) kwa mkono mpaka ikae juu ya paa la duka lenyewe. Pini ya kukisia mara nyingi huangukia katikati ya kata, na lori la matangi litazunguka Kizota nzima.

Simu: +255 kisha tarakimu tisa, bila ile sifuri ya mwanzo. Chagua namba moja ambayo haitabadilika, kwa sababu orodha hunakiliana. Namba ya zamani ikishasambaa, kuifuta ni kazi ya miezi.

Saa za kazi nazo zina mtego wake. Fomu hizi zinasoma saa za kizungu. Unafungua saa mbili asubuhi, andika 08:00. Unafunga saa kumi na mbili jioni, andika 18:00. Nimeona maduka yameandikwa 2:00 hadi 12:00, na Google inamwambia mteja wa saa nane mchana kwamba pamefungwa!

Kabla ya kufungua wasifu mpya, tafuta kwanza kama duka limeshawekwa na mtu mwingine. Likiwepo, omba kulimiliki, usitengeneze la pili. Mawili yakiwepo maoni ya wateja yanagawanyika. Uthibitisho wa Google mara nyingi ni video: anza kurekodi nje uonyeshe barabara na kibao, ingia ndani, onyesha bidhaa, kisha kitu ambacho mwenye duka pekee anakifikia, kama kufungua stoo kwa funguo. Usikate video katikati.

kolo_kondoa alijibu:

Mnazika saraka zote kaburi moja, na hilo si sawa. Saraka za fani bado zinafanya kazi. Kampuni inayopeleka watalii kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, hupata wageni kupitia SafariBookings na Tripadvisor, kwa sababu mgeni anaanzia huko kulinganisha kabla hajafungua tovuti ya kampuni yoyote. Orodha ya wanachama wa TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) nayo ina maana: kuwemo humo kunaonyesha biashara ipo kweli. Na kama unalenga taasisi za umma zilizohamia Mtumba, zenyewe hununua kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa PPRA (mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma) ulioanza kutumika 2023. Jisajili humo kama mzabuni. Saraka ya linki haina mlango wa kuingilia kule.

Nyongeza kuhusu kupima faida. Wateja wetu hawajazi fomu za tovuti, wanapiga au wanatuma WhatsApp. Kwa hiyo kwenye kila orodha inayoruhusu, weka linki ya wa.me (inayofungua WhatsApp moja kwa moja) yenye ujumbe uliokwisha andikwa, mfano "Nimewaona SafariBookings, naomba bei". Badilisha jina la orodha kila mahali. Baada ya miezi mitatu hesabu ujumbe ulioingia, na ile iliyoleta sifuri usiilipie tena.

pampu_kizota:

Asanteni sana wakuu, kifurushi sikichukui. Ila aliyetengeneza tovuti mwanzoni alishaiandikisha kwenye saraka kadhaa za ajabu, nyingine za lugha nisizozijua. Nizifute?

fundi_kurasa alijibu:

Ingia Google Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, fungua sehemu ya linki uone tovuti zinazokuunganisha, kisha fungua ukurasa unaoonyesha adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa Google. Kama hakuna adhabu iliyoandikwa pale, ziache zilivyo. Google huzipuuza, na mtu anayekutoza hela "kusafisha linki" anakuuzia kazi isiyohitajika.

Adhabu ikiwepo, andikia wenye saraka waziondoe. Zinazogoma ziweke kwenye faili la maandishi la UTF-8, kila mstari ukianza na domain: ikifuatiwa na jina la tovuti, bila http wala www. Faili lisizidi MB 2. Lipakie kwenye zana ya Google ya kukana linki (disavow), yaani kuiambia isizihesabu, na hapo wengi hukwama: zana hiyo haikubali tovuti iliyosajiliwa Search Console kama domeni nzima, lazima uwe umeisajili pia kwa anwani kamili inayoanza na https://. Ukipakia faili jipya linafuta la zamani lote, kwa hiyo tunza nakala na uwe unaongezea humo humo. Angalia usijumuishe linki nzuri kwa haraka, mfano ya msambazaji wa pampu aliyekuorodhesha kama wakala wake. Hiyo moja ina thamani kuliko zile 500 zote. Ukimaliza, tuma ombi la kupitiwa upya, ueleze ulichoondoa na ulichokana.