Testi kijani tupu, kumbe moki haijaulizwa chochote!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Jana saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Mama wa dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza; mfumo wetu ndio unaomtumia meseji mzigo wake ukipimwa. Hata shikamoo yangu hakuisubiri: "Mwanangu, mzigo umepimwa tangu juzi, meseji ya kilo na bei iko wapi? Au mmeshanila?" Nafungua kompyuta, naendesha testi, vile vipimo vya kukagua programu: kijani, yaani zote zimepita. Narudia: kijani. Mama ananiona tapeli, mashine inaniona shujaa.

Kumbe mstari unaotuma meseji ulifutwa wakati mtu anapanga upya klasi ya mizani, kile kipande cha programu kinachoshughulikia upimaji. Umefutwa kabisa! Na testi ya kuulinda ipo, ina moki (kitu bandia kinachosimama badala ya kile halisi) ya Minitest, zana ya testi za Ruby: `mtumaji.expect(:tuma, true, [String, String])`, yaani itarajie methodi `tuma` kuitwa. Halafu basi. Hakuna `mtumaji.verify` ya kukagua kama iliitwa, popote.

Aliyeandika ametokea RSpec, zana nyingine ya testi za Ruby, nakata kichwa. Kule ukisema `expect(mtumaji).to receive(:tuma)`, testi ikiisha inakaguliwa yenyewe. Minitest haina huruma hiyo. Ukiita methodi ambayo hukuitaja, moki inapiga kelele. Ukiita mara ya ziada, inapiga kelele. Usipoita kabisa? Kimya, mpaka uiulize kwa `verify`, ndipo inarusha MockExpectationError. Yaani tumeweka mlinzi getini na hakuna anayemuuliza asubuhi nani kapita.

Nikaongeza `assert_mock mtumaji`, ambayo nayo inaita `verify`, testi ikawa nyekundu papo hapo. Nikapekua mradi mzima: moki 31, zilizokaguliwa 4. NNE! Nilipokagua zilizobaki nikakuta na kichekesho kingine: moki inaitikia `lipa` wakati klasi halisi ilishabadili jina la methodi hiyo zamani. Moki ya Minitest haiijui klasi halisi, ukiidanganya inakubali. Angalau `instance_double` ya RSpec, moki inayolinganishwa na klasi halisi, ingegoma.

Nampelekea bosi, ananijibu, "Lakini testi si zilikuwa zinapita?" Nikatoka nje nikanywe chai.

Kwa sasa moki naziunda kwenye `setup` (inayoendeshwa kabla ya kila testi) na `verify` nimeitupa kwenye `teardown` (baada ya kila testi) ili asiwepo wa kusahau. Mwenye njia safi zaidi aiweke hapa, ila asiniambie "kuwa makini", nitamtukana.

Meseji ya mama imefika leo. Amejibu neno moja: "Haya."