Kikundi: Watu wa Nyumbani, Mkomani, Lamu

Swafiya 21:47
Ndiyo tunatoka. Ami Twahir niko naye, tunashuka Usita wa Mui. Muziki wa chemba ushakwisha.

Fuadi 21:48
Mliitwa chemba mkaambiwa nini? 😂

Swafiya 21:50
We Fuadi. Fidla 2, viola na selo, ile kubwa ikaayo kati ya magoti. Watu wanne uani mwa nyumba ya kale, viti kama 40, spika hata moja hamna.

Mama Fuadi 21:51
Na mwimbaji?

Swafiya 21:51
Hamna shangazi

Mama Fuadi 21:52
Sasa mafumbo mmeyapata wapi

Ami Twahir 21:55
Asalaam aleikum. Mafumbo yalikuwamo. Walianza na Haydn, Mwaustria, kazi ya 1781. Fidla yatupa neno, selo yajibu, kama wazee barazani.

Swafiya 21:56
Waambie ulivyopiga makofi ami 🤭

Fuadi 21:56
👀

Swafiya 21:58
Kazi yenyewe yaitwa Mzaha. Mwishoni wakanyamaza, ami akapiga makofi peke yake. Wakaendelea! Wakanyamaza tena, akanaswa bwana mmoja wa mbele. Kumbe Haydn kautega makusudi, miaka 240 na zaidi na mtego bado wanasa.

Ami Twahir 21:59
Fidla nimeipiga harusi ngapi muyi huu. Yeo nategwa na marehemu.

Fuadi 21:59
😭😭😭

Swafiya 22:01
Kisha Ravel, Mfaransa, 1903. Sehemu ya pili wanadonoa nyuzi kwa vidole. Ami kanigusa bega, "sikia udi huo".

Mama Fuadi 22:02
Huyo ndiye wangu

Ami Twahir 22:07
La, dada. Wako ni wa mwisho, Shostakovich, Mrusi. Aliiandika 1960 kwa siku 3. Kachukua herufi za jina lake akazifanya sauti 4, zarudi na kurudi. Mshairi wetu hutia jina beti za mwisho, huyu kaanza nalo, selo yalitaja chini kabisa. Halafu pana mapigo matatu mazito. Wako wasemao ni hodi ya askari usiku.

Mama Fuadi 22:09
Subhanallah. Watu walipiga makofi?

Ami Twahir 22:10
Baadaye sana. Punda alilia nje, hakuna aliyecheka.

Fuadi 22:11
Mjomba, na ile fidla yako iko?

Ami Twahir 22:14
Iko uvunguni. Uzi wa kwanza ulikatika. Hapo Mombasa ulipo nitafutie.

Fuadi 22:15
Inshallah mjomba

Mama Fuadi 22:16
Na dawa yake ya presha usisahau

Fuadi 22:41
Mbona kimya? Tumemaliza au nipige makofi?

Ami Twahir 23:12
Na uzi wa pili.