Naomba ushauri: PostgreSQL iliyofungashwa na programu, ndani ya FreeBSD

Ndugu wataalamu, heshima kwenu. Ninasimamia seva ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) yenye programu ya kutunza kumbukumbu, ambayo watengenezaji wake waliifungasha pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL, vyote vikiwa vimeundwa kwa ajili ya Linux. Ninaiendesha kupitia tabaka la FreeBSD linaloziwezesha programu za Linux kufanya kazi, na kwa siku za kawaida inakwenda vizuri.

Tatizo huja seva inapozimwa. Skripti ya programu haisubiri hifadhidata ifunge kazi zake, hivyo mfumo huikatisha kwa nguvu. Mara mbili hifadhidata imekataa kabisa kuwaka hadi nilipofuta kwa mkono faili ya postmaster.pid (inayoashiria kuwa hifadhidata tayari inaendeshwa), jambo ambalo najua ni la hatari endapo mchakato wa zamani bado uko hai. Nimeongeza rcshutdown_timeout (muda ambao FreeBSD husubiri skripti za kuzima zimalize) kupita sekunde 90 za kawaida, bila mafanikio. Data hizi ni kazi ya watu ya miaka mingi, na kwa kweli sipati usingizi.

Ninafikiria kuhamia PostgreSQL ya FreeBSD yenyewe kwa kutoa data kwa pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya data) na kuzirejesha upya, kwa kuwa kunakili saraka ya data jinsi ilivyo kunaweza kuharibu faharasa za maandishi, kwani mpangilio wa herufi mara nyingi hutegemea maktaba ya C ya mfumo husika. Je, aliyewahi kuhama hivyo aliizuiaje programu isiwashe tena hifadhidata yake ya ndani? Na kama ni heri nibaki nilipo, skripti ya rc.d (ya FreeBSD ya kuwasha na kuzima huduma) iandikweje ili isubiri pg_ctl, zana ya kuwasha na kuzima PostgreSQL, imalize kuzima?