Kukatwa alama kwa sababu ya jina tu?

Mkaa_Mbichi: Jamani, nimekatwa alama 2 kwa kuandika 2-ethilibutani. Mwalimu wa kemia kapiga mstari mwekundu, juu yake kaandika 3-methilipentani. Mchoro wangu uko sawa: kaboni 6, haidrojeni 14. Kama molekuli ni ileile, jina lina kazi gani? Na mbona watu bado wanasema asetoni badala ya propanoni?

Pipeti: Pole, ila hapo mwalimu hajakuonea. Weka kidole kwenye kaboni ya mwisho ya hilo "tawi" lako la ethili, kisha tembea hadi ncha ya mbali ya upande wa pili. Umehesabu ngapi? Tano! Huo ndio mnyororo mkuu, yaani ule mrefu kuliko yote, na jina hujengwa juu yake; pembeni inabaki methili moja (tawi la kaboni moja) kwenye namba 3. Nami nilinaswa hapohapo, nikidhani mnyororo lazima ulale umenyooka kama rula.

Kuhusu kazi ya jina, chukua C₂H₆O. Ni ethanoli, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 78 hivi za Selsiasi, au ni methoksimethani, ambayo ndani ya chumba tu ni gesi? Fomula imenyamaza. Ndiyo maana wakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kupanga kanuni za majina.

Mkaa_Mbichi: Nimehesabu kwa kidole. Tano kweli, aibu yangu. Na asetoni je?

Pipeti: Hiyo hata IUPAC, shirika la kimataifa la wakemia linalopanga kanuni za majina, wanairuhusu. Maabara nami nasema asetoni, ila kwenye mtihani andika propanoni.