Kuchomelea bodi ya ndege ya kujiundia, gesi au TIG?

Wakuu, nataka kujiundia ndege, bodi yake ni bomba za 4130 (chuma chenye kromu na molibdenamu), ukuta kama milimita 0.9 tu, na welding sijawahi kushika kabisa. Nianze na nini, gesi au TIG (welding ya umeme inayokingwa na gesi)? Na nitajuaje weld imeshika kweli?

rivetimoja: Anza na gesi, oksijeni na asetilini, ndege kibao zimechomelewa hivyo na zinaruka mpaka leo. Moto uwe wa kati, yaani oksijeni na asetilini zilingane, ukizidisha oksijeni unaunguza chuma. TIG tamu ila mashine bei, na upepo kidogo tu unapeperusha agoni, ile gesi inayokinga weld.

bawa_la_kushoto: Kupima ni rahisi, chomelea mabaki, bana kwenye jiriwa upinde mpaka kitu kiachie, ikipasuka kwenye weld bado hujaiva. Nyingine ikate katikati uone kama imepenya. Na usimwagie maji ipoe haraka!! 4130 inakuwa ngumu halafu inakatika kama kioo.

bawa_la_kushoto: Mi naona wengi wanakosea usafi zaidi ya mkono, bomba lipigwe msasa ling'ae kabisa, lifutwe asetoni, likauke ndo uwashe moto.

Muuliza: Shukrani, na waya wa kujazia weld?

rivetimoja: Ukitumia TIG, ER70S-2 inatosha