Tupeane uzoefu: kuomba masta ya uinjinia ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega. Ulikwamia wapi?

Jirani_wa_Nyalenda (Kisumu)

Wadau wa kofia ngumu, hamjambo. Kila mtu akiuliza habari ya masta hujibiwa "soma tovuti ya chuo". Tovuti nimezisoma mpaka macho yakauma. Ninachotaka ni yale ambayo tovuti haisemi: ulikwama wapi, ulijinasua vipi, pesa gani zilikwenda bure. Uliyekataliwa njoo. Uliyekubaliwa ukakosa karo, njoo pia.

Naanza mwenyewe. Nilimaliza uhandisi wa ujenzi 2019, daraja la pili kitengo cha juu, ile miaka mitano ambayo kwa ajili ya migomo ilizaa wa sita. Nafanya kazi kwa mkandarasi mdogo hapa Kisumu, mambo ya mitaro na barabara za mitaa. Mwaka jana nikajitosa kuomba vyuo vinne vya Marekani. Nilidhani kitakachonisumbua ni GRE, ule mtihani wa kuombea masta na uzamivu Marekani. Kumbe ni kistari.

Kwenye transkripti yangu ya mwaka wa pili, palipofaa kuwa na alama ya somo la mwendo wa maji kwenye mabomba, pana kistari. Mtihani niliufanya, tena swali la mwisho nalikumbuka. Mtauliza nilihitimu vipi. Nilihitimu kwa sababu idarani alama ipo, ila kwenye kompyuta ya msajili haipo. Chuo sikitaji, nina mdogo wangu bado anasoma pale.

Nikapanda matatu alfajiri mara tatu. Mara ya kwanza mwenye faili yuko likizo. Mara ya pili mwenye faili yupo, mwenye ufunguo hayupo. Mara ya tatu nikampata mama mmoja wa idara ambaye alinikumbuka kwa sababu nilikuwa mwakilishi wa darasa. Akashusha daftari la jalada jeusi kutoka juu ya kabati, akalipangusa kwa kitambaa cha meza, akapitisha rula chini ya jina langu polepole kama mtu anayesoma wosia. 64, kwa kalamu ya bluu. Nilitaka kumkumbatia. Kutoka pale hadi muhuri wa msajili zikapita wiki sita, na vyuo viwili vikafunga dirisha tarehe 1 Desemba nikiwa bado na kistari changu.

Kinachoniuma ni hiki. Baadaye niliviandikia vyuo vyote vinne, na vyote vikajibu kwamba wakati wa kuomba unatosha kupakia nakala uliyoskani mwenyewe. Ile halisi hutakiwa ukishakubaliwa. Ningepakia na kistari changu, nikaandika mistari miwili ya maelezo. Badala yake nilikuwa nimelipia bahasha nne zilizofungwa na kupigwa muhuri juu ya mkunjo. Zimelala kabatini. Mke wangu amezitolea macho, anataka za kuwekea risiti za stima.

Mwaka huu naomba tena, vyuo vitatu, mwisho 15 Desemba. Barua mbili za mapendekezo zimeingia. Ya tatu bado, na Prof hashiki simu. Haya, semeni.

Mama_Mvuke (Nakuru)

Pole kwa kistari, ndugu yangu. Mimi karatasi zilikuwa sawa, nikaangushwa na insha ya nia, ile ya kueleza kwa nini unataka kusoma.

Ya kwanza niliianza hivi: "Tangu utotoni nilipenda kufungua redio ya babu." Nikakataliwa kote. Mwalimu wangu wa zamani, anayefundisha ng'ambo sasa, akaisoma akacheka hadi akakohoa. Akaniambia kila injinia duniani alifungua redio ya babu yake. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kazini kwako ni kitu gani kinakukera?

Hilo nilikuwa nalo. Mimi ni wa mitambo, niko kwenye mambo ya mvuke wa ardhini huku kwetu Bonde la Ufa. Siku moja tulikata bomba la kurudisha maji ya moto ardhini. Ndani palikuwa na ganda la kijivu, gumu, limejishika ukutani kama ukoko wa ugali uliosahauliwa motoni. Bomba la inchi kumi lilikuwa limebaki tundu kama la inchi saba. Hiyo ni silika. Maji yakiwa chini kabisa huko, kwa joto lile, huyeyusha mawe na kuibeba. Yakipanda, yakatoa mvuke na kupoa, hayawezi tena kuibeba yote, na inayobaki inaganda popote inapopata pa kushika. Siku hiyo nilipiga lile ganda kwa nyundo na nyundo ikaruka.

Insha ya pili ilianza na ile nyundo. Aya mbili za bomba, aya moja ya tulichojaribu na kikashindikana, kisha maprofesa wawili wa idara ile ninaotaka kusoma chini yao na sababu yake. Redio ya babu sikuigusa. Nilikubaliwa viwili kati ya vitatu.

Kwa walio kwenye kazi za mvuke kama mimi: kuna mafunzo ya Iceland, yale yaliyoanza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa yako chini ya UNESCO. Ni miezi sita, na Wakenya wengi wamepita pale. Wengine baadaye huendelea na masta kulekule. Lakini huombi kama unavyoomba chuo. Mwajiri ndiye anayekupendekeza. Kwa hivyo anza na bosi wako, tena mapema, kabla hajamwahidi mwingine.

Kina dada, mwaka uliokaa nyumbani na mtoto usiufiche. Mimi niliandika mstari mmoja kwenye wasifu, "2020, likizo ya uzazi", na hakuna aliyeniuliza.

Kijana_wa_Lurambi (Kakamega)

Nyote mnaongea ng'ambo, ng'ambo. Mimi nilipata daraja la pili kitengo cha chini na niko darasani sasa hivi, hapahapa Kenya. Vyuo vyetu vingi vinataka kitengo cha juu, lakini soma mstari unaofuata: wa kitengo cha chini hupokewa akiwa na uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili. Mwajiri wangu aliniandikia barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe na kazi nilizosimamia, basi. Utafiti wangu ni wa kingo za mto Nzoia kule Budalang'i. Kwa mada hiyo ningefuata nini Ulaya?

Ila jambo moja lisikupite. Masta haikupi haki ya kujiita Mhandisi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, Bodi ya Wahandisi inataka shahada yako ya kwanza iwe ya programu inayotambuliwa, ujisajili kama mhandisi mhitimu, ufanye kazi angalau miaka mitatu, kisha utahiniwe. Nina rafiki mwenye masta mbili ambaye hawezi kutia sahihi kwenye mchoro wa choo.

Nyar_Seme (Kisumu)

Mimi nilikwamishwa na jina. Jina la baba yangu lina ng' ndani yake. Kwenye cheti cha kuzaliwa kile kialama cha juu kipo. Kwenye kitambulisho kipo. Kwenye pasipoti hakipo. Kwenye transkripti karani aliona kinamsumbua, akaweka nafasi, kwa hiyo jina moja likawa maneno mawili. Sasa nenda kwenye lango la maombi la chuo, ubonyeze kile kialama: linakwambia jina lako lina herufi isiyokubalika. Nilikaa pale saiba ya Kondele nikijiona mimi mwenyewe ndiye sikubaliki.

Nilivyotoka: niliandika jina popote kama lilivyo kwenye pasipoti, maana viza itafuata pasipoti. Kisha nikaenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, nikaipakia pamoja na transkripti. Hati ile imenifaa mara nne sasa. Wenye majina kama langu, ifanyeni kabla ya jambo lolote lingine.

Sijui_Lolote_Bado (Njoro)

Swali tu. GRE bado inatakiwa? Na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nifanye mapema iwezekanavyo?

Mama_Mvuke (Nakuru)

Mdogo wangu, idara nyingi za uinjinia zimeiacha GRE, nyingine hazijaiacha, na ndani ya chuo kimoja utakuta umeme wanaitaka na ujenzi hawaitaki. Soma ukurasa wa idara, si wa chuo. Ukiifanya, tangu Septemba 2023 imefupishwa, haifiki saa mbili, na matokeo yanakaa miaka mitano. IELTS yanakaa miwili tu, kwa hiyo ukiwahi sana itakuozea mkononi. Tena kabla hujalipa, uliza kama watakubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Mimi kimoja kilikubali.

Chaki_na_Vumbi

Nimesoma nikanyamaza, sasa niseme. Mimi ndiye yule mhadhiri asiyeshika simu. Si wa Jirani, lakini ni mmoja wao.

Ifikapo Novemba napata maombi ya barua kila siku, na mengi yanasema hivi: "Habari Prof, naomba barua, mwisho ni kesho." Mtu simkumbuki. Nilimfundisha kwenye ukumbi wa watu zaidi ya mia mbili, alikaa nyuma. Nitaandika nini? Kwamba alikuwa na bidii?

Na lile mnalolijua lakini hamlisemi, nitalisema mimi. Wengi wetu huwaambia "andika mwenyewe, nitatia sahihi". Nimelifanya na silioni fahari. Mwaka mmoja binti mmoja aliandikiwa barua tatu za namna hiyo, ikiwemo yangu, na zote aliziandika yeye. Zote tatu zilikuwa na maneno "bila shaka yoyote" kwenye aya ya pili. Msomaji wa ng'ambo si mjinga. Binti hakupata, na mpaka leo nikikutana naye mjini najifanya natafuta kitu mfukoni.

Unachotakiwa kumpa mwalimu si barua. Mpe ukurasa mmoja wa mambo ya kweli: nilisoma kwako somo hili, mwaka huu, nikapata alama hii, mradi wangu ulikuwa pampu hii, uliharibika hivi, nikaurekebisha hivi, naomba programu hii, mwisho ni tarehe hii. Hapo nakukumbuka hata kama ulikaa nyuma. Mpe wiki nne. Na umwombe atumie anwani ya barua pepe ya chuo, kwa sababu ile ya bure inatiliwa shaka.

Jirani, kiungo cha kujaza barua hutumwa na mtambo wa chuo wenye jina geni, nacho huishia kwenye taka za barua pepe. Wa kwangu nimewakuta humo wanne. Mtumie Prof wako ujumbe mfupi wa simu, si kumpigia: "Mwalimu, tafadhali tazama kwenye taka, jina la mtumaji ni hili."

Jirani_wa_Nyalenda (Kisumu)

Mwalimu, asante sana na heshima zako. Nimetuma ujumbe huo sasa hivi, neno kwa neno.

Webuye_Chini (Bungoma)

Niseme la pesa, maana mnalizunguka. Nilikubaliwa masta Uingereza, mwaka mmoja, kila kitu safi. Nikatakiwa amana kabla ya kupewa karatasi za viza. Tukaita mkutano nyumbani, wajomba wakachanga, baba akazungumzia kuuza ng'ombe wawili. Nilipopiga hesabu usiku ule, ng'ombe wote wa kijiji wasingefika nusu. Nikaandika kuomba kusogezwa mwaka, mwaka ukafika, hali ni ileile.

Nilichokuja kujifunza kwa kuchelewa ni kwamba Marekani, kwenye uinjinia, unaweza kuomba uzamivu (PhD) moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza, na mara nyingi uzamivu ndio wenye pesa: karo inalipwa na unapewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Masta wengi hujilipia. Kuna makubaliano ya vyuo vingi vya huko kwamba wenye ufadhili hupewa hadi 15 Aprili kuamua, kwa hiyo akikutisha mtu Februari kwamba ujibu kesho, uliza kama chuo chake kimo kwenye makubaliano hayo. Na ada ya maombi, ile ya dola sabini na kitu, omba usamehewe. Niliandikia vitano, vitatu vikanisamehe.

Karibu zaidi kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika pale Juja, ndani ya JKUAT, inayotoa ufadhili wa masta na uzamivu. Na Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon kwa wa umeme na kompyuta. Niliviruka vyote viwili kwa sababu akilini mwangu "ng'ambo" ilikuwa lazima uvuke bahari.

Kijana_wa_Lurambi (Kakamega)

Hao ng'ombe wako salama?

Webuye_Chini (Bungoma)

Wapo. Mmoja amezaa.

Nyar_Seme (Kisumu)

Na saa, jamani. "Saa sita kasoro dakika moja usiku" ya tarehe 15 kwa saa za New York, kwetu ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 16. Mimi niligundua usiku wa manane nikilia, nikapangusa uso, nikamalizia insha hadi alfajiri. Lakini chuo kingine kilihesabu saa kumi na moja jioni yao, hicho kikanifungia. Soma saa, usisome tarehe peke yake.

Jirani_wa_Nyalenda (Kisumu)

Prof amejibu. Yuko matangani Ugenya tangu Alhamisi, mtandao unashika akisimama karibu na tangi la maji tu. Barua ameikuta kwenye taka, chini ya tangazo la viatu. Amejaza viwili kwa simu. Cha tatu anasema betri imebaki asilimia nne, anatafuta mwenye jenereta.