Fundi wa Luthuli, nilikuambia UBADILISHE mfumo wa diski, sikukuambia UIFOMATI!

Wadau, nimekasirika mpaka mikono inatetemeka. Mimi hupiga video za harusi na ruracio (sherehe za mahari). Kazi zangu zote tangu Januari zilikuwa kwenye diski moja ya nje, GB 500, yenye FAT32, ule mfumo wa zamani wa kupanga faili. Shida yake mnaijua: faili ikifika GB 4 haiingii, hata diski iwe na nafasi tele. Ruracio ya Murang'a ilikuwa GB 11, ikabidi niikatekate kama mshikaki.

Jumanne nikaipeleka kwa fundi mmoja Luthuli Avenue. Nikamwambia mara mbili: humu kuna kazi za watu, nataka iwe NTFS, mfumo usio na kikomo hicho cha GB 4, na faili zibaki. "Hiyo ni kitu kidogo, bro." Nikalipa 800. Dakika tano akanirudishia. Dakika tano! Nimefika nyumbani Kayole, nikachomeka, folda 27 hakuna hata moja. Jina la diski nalo limefutika.

Na kubadilisha bila kufuta kupo, tena bure, ndani ya Windows yenyewe! Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika convert E: /fs:ntfs, hiyo E ikiwa herufi ya diski yako. Itakuuliza jina la diski, unaliandika, unaiacha imalize. Faili zinabaki palepale. Ukitaka kurudi FAT32 ndipo unalazimika kufomati. Fundi anayejali hunakili kila kitu pembeni kwanza, maana stima ikipotea katikati ni balaa. Huyu hakunakili wala hakuuliza.

Nilipomrudia, hakuinua hata macho. "Lazima ingefomatiwa." Halafu eti anaweza kunirudishia faili kwa 7,000. Yaani uniunguzie nyumba, kisha uniuzie maji ya kuzimia?

Sijaweka kitu kwenye hiyo diski tangu siku ile, kwa sababu fomati ya haraka huacha data nyingi chini mpaka iandikiwe juu. PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, inachimba tangu jana usiku. Inatoa video zisizo na majina, nyingi hazifunguki. Ninachotafuta hasa ni dakika nne za nyanya ya bibi harusi akiwabariki, ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Nyanya tulimzika Agosti. Bibi harusi amepiga simu mara tatu leo na sijashika.

Aliyewahi kuokoa video kubwa kwenye diski iliyofomatiwa hivi, zikafunguka, tafadhali aniambie alitumia nini.